Masaa Yote ya Melkiade

Mwezi uliopita tulimzika Melkiade kwao Lubarika, katika uwanda wa Ruzizi. Watu walipomaliza kuimba, dada yake mkubwa, Joseline, alinijia akaniomba niseme neno kwa niaba ya wale waliosoma naye. Alinichagua mimi kwa sababu nilikuwa nimevaa koti, kwa sababu nafundisha chuo, na kwa sababu marehemu alikuwa amewaambia nyumbani kwamba mwaka wa uasi tuliishi chumba kimoja Uvira. Nilimwambia koo linaniuma. Alinitazama kwa huruma, akaniletea maji ya moto yenye tangawizi, nami nikayanywa nimesimama karibu na kaburi mpaka kikombe kikaisha. Njia nzima ya kurudi mjini nilitunga ile hotuba ambayo sikuitoa. Nilipofika Uvira ilikuwa imekamilika, ina mwanzo na mwisho, na hapakuwa na mtu wa kuisikia. Mimi ndivyo nilivyoumbwa. Jibu langu hufika baada ya mwenye swali kuondoka.

Mwaka ule nchi ilikuwa imekatwa vipande viwili. Nilikuwa na diploma ya sekondari iliyolala sandukuni mwaka wa pili, imefungwa kwa nailoni ili panya wasiipate. Vyuo vikubwa vilikuwa upande wa pili wa mstari wa vita, na chuo kidogo cha mjini kwetu kilikuwa kimefunga madarasa kwa sababu nusu ya walimu walikuwa wamekimbilia ng'ambo ya ziwa. Ndipo ikaja habari kwamba wale walioshika mji watafungua kozi ya maofisa wa utawala wa jeshi, miezi kumi, na kwamba chuo kimekubali kuhesabu masomo hayo kama mwaka wa kwanza. Siku hizi wanafunzi wangu wanasema kredi. Sisi tulisema masaa. Ukimaliza na masaa yako kamili, ukatumikia jeshi kwa muda uliopangwa, siku ya kuvua sare unaingia mwaka wa pili moja kwa moja. Nililifikiria jambo hilo wiki tatu. Nikikubali, nitakuwa askari wa waasi. Nikikataa, nitakuwa muuza mkaa mwenye diploma. Nikikubali nao wakashindwa vita, nitakuwa askari wa waasi bila masaa. Melkiade, ambaye nilimkuta kwenye foleni ya kujiandikisha, alilifikiria kwa muda ule wa kutafuta biki ya kuandikia mfukoni. Alipoona bado nasitasita aliniazima ile biki yake, akasema, "Andika tu jina, haiko mutihani."

Tulisomea katika bohari la zamani la pamba, karibu na ziwa, lililojengwa na Wazungu kabla ya uhuru. Pamba ilikuwa imekwisha zamani lakini nyuzi zake zilikuwa bado zimenasa kwenye vyuma vya dari, na upepo wa saa nne ulipoingia zilitushukia mabegani kama mvi. Mabati yalipika vichwa vyetu. Asubuhi tulifundishwa mambo ya jeshi: kanuni, ramani, namna ya kuandika ripoti. Baadaye walikuja walimu wa chuo kutufundisha sheria, hesabu za utawala, na ugavi, yaani elimu ya kuweka na kugawa vitu vya jeshi. Mwalimu wa ugavi aliitwa Lubunga. Alikuwa mtu mwembamba mwenye viatu vilivyong'arishwa kupita kiasi, na siku ya kwanza alitufungulia kozi kwa kutuambia kwamba tangu uhuru kila utawala ulioingia mji huu ulikuja na shule yake na mhuri wake, na kila ulipoondoka ulichukua mhuri ukaacha wanafunzi. Safari hii, alisema, mhuri utakuwa wa chuo, na chuo hakina bunduki ya kujitetea. Kina listi tu. Kwa hiyo chuo kilikuwa kimeweka sharti moja. Kila somo lina listi ya kusaini. Anayekosa theluthi moja ya masaa ya kozi amepoteza kozi. Na ikionekana saini moja ya uongo, moja tu, makubaliano yote yamekufa na watu wote arobaini wamepoteza mwaka. Aliuliza nani ana mwandiko mzuri. Melkiade alininyooshea kidole, watu wakacheka, na hivyo ndivyo nilivyopata kuwa sekretere wa kozi, mtunza listi.

Jina la kwanza kwenye listi lilikuwa la kapiteni mwenyewe. Kapiteni Zefania, mkuu wa shule, alikuwa mtu wa milima ya juu, mtoto wa wafugaji, Mprotestanti asiyekunywa kitu isipokuwa maziwa na chai, na kabla ya vita alikuwa amefundisha shule ya msingi miaka kumi na mmoja. Asubuhi alitufundisha yeye. Walimu wa chuo walipofika alivua kofia, akaketi benchi la mbele, akafungua kaye yake, daftari la masomo, kama sisi. Naye alitaka masaa. Alisaini kwa herufi za ubaoni, duara zimefungwa vizuri, kisha akaipitisha listi nyuma. Mwisho wa siku alisaini tena chini, safari hii kama mkuu.

Mimi na Melkiade tulipanga chumba mtaa wa Kilibula kwa mama Nabintu, mjane aliyeuza mawese. Chumba kilikuwa na dirisha moja lililotazama jiko lake, kwa hiyo mazungumzo yote ya jikoni tuliyapata, na yeye alijua tunayapata. Alipokuja jirani kununua mawese alimwambia kwa sauti ya kutosha kwamba amepangisha askari wa biki, watu wanaosomea vita kwenye kaye, na kwamba adui akija watamhesabu. Melkiade alimjibu kupitia dirishani kwamba tumekwisha kumhesabu na yeye, mama, na tumemwandika upande wa mizigo mizito. Alicheka mpaka akaweka chini kipimo cha mawese. Melkiade alikuwa na kipaji hicho, cha kumfanya mtu acheke huku ameshika kazi. Tulikula bugali wa muhogo na ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, siku nyingine sombe, mboga ya majani ya muhogo, ambayo mama Nabintu alitupimia akisema ni mabaki, ingawa ilikuwa imepikwa saa ile ile. Mimi nilikula nikisoma. Melkiade alikula akinitazama nikisoma, akauliza kama ndagala wangu wako kwenye mtihani.

Sasa lazima nieleze desturi moja, maana bila hiyo hakuna kinachoeleweka. Wanafunzi wa nchi yetu wanabebana. Mwenzako akiwa mgonjwa, au amefiwa, au hana nauli, na listi ikipita, unamsainia. Hakuna anayeomba, hakuna anayeshukuru. Kesho ni zamu yako. Kumwacha mwenzako mstari mtupu, wakati biki iko mkononi mwako, kulihesabiwa kama kumpita ameanguka njiani. Sote tulikuwa tumelelewa hivyo tangu sekondari. Lubunga alipotoa lile sharti lake, tulitikisa vichwa kwa dhati, na wiki ya pili watu walikuwa wanabebana kama kawaida. Hatukuona mgongano wowote. Saini ya uongo tuliyoielewa ilikuwa ile ya mwizi.

Katikati ya kozi ya ugavi Melkiade alishikwa na malaria. Siku zile sikumbeba, kwa sababu kapiteni mwenyewe alikuja kumwona kitandani akamletea chupa ya maziwa, na ugonjwa uliojulikana hivyo haukuweza kufichwa. Kozi ilikuwa ya masaa sitini. Malaria ilimla masaa kumi na sita. Akiongeza manne tu, kozi imekwenda, na kozi moja ikienda mwaka umekwenda. Hesabu hii niliijua kuliko yeye. Nilikuwa nimeiandika nyuma ya silabusi yangu, na kila jioni niliitazama kama mtu anayetazama jino linalouma kwenye kioo.

Jumapili moja baada ya misa, mtu aliyekuja na lori la muhogo alimletea habari kwamba mama yake amezidiwa huko Lubarika. Alianza kukunja shati. Nilimwambia aombe ruhusa. Akasema kapiteni atamnyima, maana barabara ya uwandani ilikuwa na wapiganaji waliowapinga waasi wetu, na askari aliyeonekana kwenda huko bila kazi alikuwa na maelezo ya kutoa. Nilimwambia basi afikirie masaa. Nilimwonyesha ile hesabu.

"Elia, weye unawaza sana," alisema. "Mwaka ingine iko. Mama ingine haiko."

"Nitakubeba."

Aliacha kukunja. "Hapana. Acha mustari yangu iwe wazi. Ikipotea, ipotee. Minye nitaanza tena."

Nakumbuka alisema hivyo kwa sababu nimejaribu miaka mingi kukumbuka kwamba hakusema. Aliondoka na mkoba mdogo, akapanda juu ya magunia matupu, akanipungia mkono. Jumatatu listi ilipofika kwangu, mstari wake ulikuwa mtupu, namba ishirini na tatu, na biki ilikuwa mkononi mwangu. Nilijiambia ni ukarimu. Leo, nikiwa na umri wa kujua, nasema ilikuwa hofu: niliogopa kuingia mwaka wa pili peke yangu, bila mtu wa kuniambia niandike tu jina. Nikasaini. Jumanne nikasaini tena.

Jumanne hiyo Lubunga alitupa kazi ya vitendo. Tuliingia bohari la vitu vya jeshi kwa makundi ya watu watano kufuata listi, kila kundi likahesabu rafu yake na kuandika. Mimi niliketi mlangoni na meza, nikipiga alama kwenye majina ya walioingia. Kundi la Melkiade lilikuwa watu wanne. Mkubwa wao alikuwa Asukulu, Mbembe mwenye mke na watoto watatu, tuliyemwita papa kwa sababu ya mvi zake. Alinitazama, akatazama listi, akasema taratibu, "Tuko watano." Nikapiga alama tano.

Saa tisa mtunza bohari aligundua kwamba redio moja ya mawasiliano haipo, na rafu iliyokosa ilikuwa ya kundi lile. Wanne walipekuliwa palepale, mpaka kwenye viatu. Hawakukutwa na kitu. Wa tano akatafutwa, hayupo. Wakaja Kilibula, wakakuta kitanda na shati moja ukutani. Mama Nabintu aliwaambia hajamwona tangu Jumapili, nao wakamwambia mzee anasahau siku, maana karatasi ilionyesha kwamba Jumanne asubuhi alikuwa darasani na saa tano alikuwa bohari. Jirani mmoja aliongeza kwamba kijana ni mtu wa Lubarika. Basi ikawa imekamilika: ameingia, amechukua redio, ameipeleka uwandani kwa adui. Kila kipande cha hadithi hiyo kilisimama juu ya saini yangu.

Watu arobaini walikuwa kwenye kozi ile, nikimtoa yeye thelathini na tisa, na kila mmoja alijua kwamba Melkiade hakuwapo. Wale wanne walipoulizwa walisema kila mtu alikuwa anahesabu na hakutazama mwenzake. Wakati wa mapumziko Jumatano walikuja kusimama karibu nami, hawakunizunguka, walisimama tu karibu, wakala mihogo yao ya kuchoma wakizungumza habari za mvua na za mto Mulongwe uliokuwa umeingia nyumba za watu. Hakuna aliyemtaja. Mwishoni Asukulu alikung'uta mikono, akaniambia, "Sekretere, siye tunakuamini." Wengine wakaitikia kwa miguno. Sijawahi kutishwa kwa upole namna ile. Jumatano nilisaini tena, kwa sababu sikujua namna ya kuacha. Mstari mtupu siku hiyo ungeuliza habari za Jumatatu.

Mchana huo, chumbani, nilichukua karatasi nikachora mistari miwili, upande wa kusema na upande wa kunyamaza. Upande wa kunyamaza nilijaza mpaka chini: watoto wa Asukulu, kaye ya kapiteni, mwaka wa watu thelathini na tisa, chuo kinachojaribu kufufuka, mimi mwenyewe kufungwa kwenye kasho kwa kughushi, na hata hoja kwamba Melkiade hatarudi, ni mjanja, atasikia habari njiani atavuka mto aingie Burundi. Upande wa kusema niliandika jina lake tu. Kisha nikaona karatasi yenyewe ni hatari, nikaipeleka kwenye jiko la mama Nabintu. Palikuwa na malori yaliyokwenda uwandani. Ningeweza kumtumia neno asirudi. Nilifikiri niandike nini, na nani apewe, na akikamatwa aliyepewa itakuwaje, mpaka malori yakaondoka.

Alirudi Jumatano ileile, jua bado liko juu, na kilo chache za mchele mabegani. Mama yake alikuwa amepata nafuu. Askari wawili walikuwa wanamsubiri kwenye benchi la mama Nabintu, wakila ndizi zake. Alidhani wamekuja kwa sababu ya kukosa darasa. Alimkabidhi mama Nabintu mchele, akamwambia asiupike wote leo, akaondoka nao akiwaeleza kwamba adhabu anaijua na anaikubali.

Alhamisi asubuhi waliniita. Ofisi ya kapiteni ilikuwa kichumba cha mpimaji wa pamba wa zamani, na mizani kubwa ya chuma ilikuwa bado imesimama pembeni, haina sahani. Melkiade alikuwa wima kati ya askari wawili, bila mkanda, jicho moja limevimba. Listi tatu zilikuwa mezani. Kapiteni alimwuliza kwa sauti yake ya chini, ile ya kufundishia watoto, Jumanne alikuwa wapi. Akasema alikuwa Lubarika kwa mama yake, ameondoka bila ruhusa, na katekista wa pale anaweza kuapa. Kapiteni akamsogezea listi. Melkiade aliinama akaitazama saini. Niliona anaitambua. Kila mtu ana mkono wake, na wangu aliujua kwa miezi mingi ya kusoma kaye zangu. Akainua kichwa, akautazama ukuta, hakunitazama mimi.

"Si yangu, afande."

"Ni ya nani?"

"Sijui, afande."

Kapiteni alinigeukia. "Sekretere. Huyu anasema hakukuwa. Weye unasema nini?"

Nilikuwa nimejiandaa tangu alfajiri. Nilikuwa nimetafuta sentensi isiyokuwa uongo, sentensi ambayo ningeweza kuisimamia mbele ya Mungu na mbele ya watu thelathini na tisa kwa pamoja, na nilikuwa nimeipata. Niliona fahari kidogo nilipoipata. Hilo ndilo jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu.

"Listi inaonyesha alikuwapo, afande."

Kapiteni hakuandika. Aliweka biki juu ya listi kama anayesubiri mtoto amalizie kusoma mstari. Kisha akasema, "Sikuuliza listi. Niliuliza weye." Nami nikairudia sentensi yangu, neno kwa neno, kwa sababu ndiyo pekee niliyokuwa nayo. Melkiade alicheka. Hakikuwa kicheko cha dharau. Kilikuwa kama kile cha mama Nabintu siku ya dirishani, kama vile nimemwambia kitu cha ajabu wakati ameshika kazi. Wakamtoa.

Niliwahi kukutana naye mara moja tu baada ya hapo, miaka mingi baadaye, vita imekwisha, sokoni Mulongwe. Alikuwa anauza mchele na anachechemea upande wa kushoto. Alinipimia kilo mbili, akaongeza kiganja juu, akaniuliza kama nilimaliza masomo. Nikasema nilimaliza. Akasema vizuri. Akaniuliza kama siku hizi bado nawaza sana, nami nikaanza kufikiri nimjibu nini, na mteja mwingine akafika. Nilikwenda sokoni tena wiki iliyofuata na iliyofuata, nikiwa na jibu, lakini alikuwa amekwisha kurudi Lubarika, na Lubarika si mbali, watu wanakwenda na kurudi siku moja. Sikwenda mpaka nilipokwenda kuzika.

Baada ya ile Alhamisi nilikula mchele wake. Mama Nabintu aliupika kidogo kidogo kama alivyoagizwa, akaniletea sahani mbili, moja yangu na moja akaiacha imefunikwa dirishani. Jirani alipomuuliza yule mwingine yuko wapi, nilisikia akijibu kwamba yule mwingine alikuwa hapa tangu Jumatatu hadi Jumatano kwenye karatasi tu, na kwamba karatasi ndiyo inayokula kwake siku hizi. Ijumaa nilikwenda darasani nikakaa. Jumamosi nilifua sare. Jumapili nilikwenda kanisani, padri akahubiri juu ya mambo mengine kabisa, nikakasirika kwamba hakuhubiri juu yangu. Jumapili jioni nikaamua. Naandika "nikaamua" kana kwamba ni tendo la dakika moja, lakini lilichukua siku nne, na siku nne ndizo zilizokuwa na maana.

Jumatatu, listi ya somo la kwanza la chuo ilipokuwa inaanza kupita, nilimwachia Lubunga, nikatoka mbele ya watu wote, nikaenda kugonga kwa kapiteni. Siku hiyo alikuwa na wageni. Nilisubiri mlangoni masaa mawili, karibu na ile mizani. Watu waliokwenda chooni walipita wakaniona. Asukulu alipita, akasimama, akaendelea na njia yake.

Nilipoingia nilisema yote bila kupumzika: saini tatu, alama tano, lori la muhogo, mama yake. Kapiteni Zefania alinisikiliza akifunga na kufungua kifuniko cha biki. Nilipomaliza alisema nimechelewa. Melkiade alikuwa ameondoka na boti ya Jumamosi, kwenda kusini, mstari wa mbele, kubeba masanduku ya risasi mpaka hapo watakapoamua vingine. Amri ilikuwa imetoka juu.

"Nilifundisha watoto miaka kumi na moja," alisema. "Unawaza sijui mikono mbili? Niliijua siku ileile. Lakini minye sikuweza kusema. Ilibidi weye useme, sekretere. Ungesema Alhamisi, ningemufunga wiki moja kwa kutoroka, basi."

Nilimuuliza kwa nini yeye hakuweza kusema, na yeye ndiye mkuu.

Alitazama mlango kuhakikisha umefungwa. "Minye pia iko mu listi," alisema. "Namba moja."

Kisha akaniambia nirudi darasani. Kuhusu saini nilizokiri hakuandika mahali popote. Alivaa kofia, akaivua, akakumbuka kwamba somo lililofuata lilikuwa la sheria na yeye pia alipaswa kuketi, tukatoka pamoja tukavuka ua, yeye mbele, mimi nyuma. Redio haikupatikana. Masaa yetu yalitambuliwa yote mwisho wa mwaka ule, na juu ya masaa hayo nimejenga kila nilicho nacho: mwaka wa pili, wa tatu, kazi, koti nililolivaa mazikoni.

Lakini nilikuwa bado siyajui hayo nilipoingia bohari siku hiyo. Lubunga alikuwa anakusanya karatasi zake aondoke. Alinipa listi ya somo lake nikaiweke kwenye faili, kama kawaida, akasema ameihesabu na leo hali ni nzuri. Niliipeleka kwenye meza yangu. Watu walikuwa wameinama kwenye kaye zao; hakuna aliyeinua macho. Nilishuka na kidole kutoka juu, namba kwa namba. Kwenye ishirini na tatu kulikuwa na saini ya Melkiade, imeandikwa vizuri, na kile kimkia cha mwisho ambacho mimi kila mara nilikisahau. Mtu alikuwa amembeba. Walimbeba mpaka mwisho wa mwaka, leo huyu kesho yule, na kapiteni alisaini chini ya kila listi. Katika kozi zote zilizobaki hakukosa hata saa moja. Niliendelea kushuka. Watu wote arobaini, hata kapiteni aliyekuwa na wageni, walikuwa na kitu kwenye mstari wao siku hiyo, isipokuwa mmoja. Mstari mtupu ulikuwa wangu.